Mgeni Hafungwi

Ndugu msomaji, naomba nikuulize swali moja kabla hatujakwenda mbali. Mtu anayekujua na kukupenda akikuachia umshinde kwa makusudi, je, amekufanyia hisani au amekudanganya? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, nikiwa nimekaa mkekani pale Sudi, nikashangilia ushindi ambao haukuwa wangu.

Sudi ni kijiji cha pwani katika mkoa wa Lindi, kwenye ghuba iliyojificha kati ya Lindi mjini na Mikindani. Nimezaliwa huko, nikatoka kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha kama vijana wengi wa kusini. Kaka zangu walioondoka kabla yangu walivuka Rufiji kwa kivuko, na mvua zikikolea safari iligeuka ya siku kadhaa, kwa hiyo mtu akishatoka alikuwa ametoka. Wao wana udhuru. Mimi nimepita juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na mto wenyewe sikuuona vizuri kwa mwendo wa basi. Sina kisingizio. Na bado nilikaa miaka sita bila kurudi.

Aliyenifundisha bao ni mjomba wangu. Huku kwetu mjomba si mtu wa kuja na peremende siku ya Idi kisha akaenda zake. Ana sauti juu ya mtoto wa dada yake, pengine kuliko baba mzazi. Na namna yake ya kufundisha ilikuwa moja tu: kunifunga. Alinifunga baada ya alasiri, akanifunga tena kabla ya magharibi, kesho yake vilevile. Nikikosea hakusema kitu. Alikula, akasambaza, akaniinulia macho. Nikinuna aliniambia, "Ukitaka kununa kanune nyumbani, hapa pana watu." Nililia machozi mara nyingi, lakini nilirudi kila siku, maana kufungwa na mjomba ilikuwa ni namna ya kuwa wa pale.

Basi nikarudi baada ya hiyo miaka sita. Nimevaa viatu, nimebeba sukari kilo tano na doti mbili za kanga za mama. Jioni nikaenda barazani. Wazee waliponiona wakanipisha nafasi. Wakanipisha! Hapo ndipo ningeshtuka, lakini sikushtuka, nilidhani nimekuwa mtu mzima. Nikaketi mbele ya mjomba, tukapanga kete.

Kwa wale ambao hawajawahi kukaa mbele ya bao, nieleze kidogo, maana bila hivyo hoja yangu haitaeleweka. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, kila mchezaji na safu zake mbili. Kete ni 64, na kwetu ni zile komwe ngumu za mkomwe, mmea wa miiba unaojiotea wenyewe pwani. Kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni: 6 kwenye nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele, na mbilimbili kwenye mashimo mawili ya pembeni. Zile 22 zilizobaki anazishika mkononi, anazitia moja moja kila zamu yake inapofika. Huko ndiko kunamua. Ukitia kete kwenye shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalolitazama nalo lina kete, unazila zile zake. Lakini kuzila si kuzitoa mchezoni. Unazichukua na kuzisambaza upande wako kuanzia kichwani, na ile ya mwisho ikiangukia penye kete unaendelea, ikiangukia patupu inalala. Kete za mkononi zikiisha, mnaingia kwenye mtaji, mnachezea zilizoko ubaoni. Anayebaki na safu ya mbele tupu amefungwa. Na anayefungwa mapema, kete zikiwa bado mkononi, huyo amefungwa mkononi, na barazani habari yake haisahauliki wiki hiyo.

Sasa shika mambo mawili. La kwanza, katika bao hakuna kilichofichwa. Hakuna karata iliyofunikwa wala dadu la kurusha likasingiziwa bahati. Kete zote zipo juani, na hata mtoto anayepita anaweza kuzihesabu. La pili, kula ni lazima. Ukiwa na pa kula huwezi kusema leo namsamehe mwenzangu. Sheria ya bao haimruhusu mtu kuhurumia kwa kukataa kula. Kilichobaki mikononi mwako ni kuchagua tu, unapokuwa na pa kula zaidi ya pamoja, ule wapi.

Na hapo ndipo mjomba aliponipatia. Tulikuwa bado tunanamua. Nyumba yangu ilikuwa imejaa kete 11, mimi mwenyewe nimejisahau, na upande wake, mkabala na nyumba hiyo, palikuwa na kete moja. Angetia moja pale, nyumba yote ingekwenda. Mjomba akatazama. Akaupeleka mkono kushoto, akala kete mbili za pembezoni, akasambaza, ikalala. Baraza ikanyamaza. Baraza ya Sudi haina desturi ya kunyamaza bao likichezwa. Kila mtu huwa na lake la kusema. Nami nikaendelea, nikala, nikala tena, mwisho wake safu ya mbele ya mjomba ikabaki tupu. Hamna! Nikapiga goti kwa furaha.

Mtoto mmoja wa jirani, wa miaka kumi hivi, akauliza, "Mjomba, mbona hukula nyumba?"

Mjomba akamwambia, "Nenda kaniletee kahawa."

Wallahi, nilisikia joto hadi masikioni. Usiku ule sikulala vizuri. Si kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kumbe nilidhani nimeshinda. Kushindwa na mjomba nimekuzoea. Nililala macho kwa sababu nilielewa zile nafasi walizonipisha. Mtu wa nyumbani hufungwa. Mgeni hafungwi. Mgeni anapewa kiti, anapewa kahawa ya kwanza, anapewa na bao.

Sasa turudi kwenye swali, na tuwe waadilifu, tuanze na wanaomtetea mjomba. Watasema: heshima ni kitu. Mtu ametoka mbali, amekuja na zawadi, utamwaibisha mbele ya wazee siku ya kwanza? Mgeni njoo mwenyeji apone. Watasema tena: anayejifunza akifungwa kila siku atakata tamaa, mwachie apate hamu. Na watasema: ulidhurika nini? Ulifurahi, baraza ikafurahi, kete zikarudi kwenye mfuko. Uongo usiomwumiza mtu una kosa gani?

Hoja hizi si za kudharau. Nami nakubali kwamba mjomba hakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini tazama uongo wenyewe ulipokaa. Nimesema katika bao hakuna kilichofichwa. Basi anayemwachia mwenzake anaficha kitu pekee kinachoweza kufichika mezani, yaani nia. Kwa macho tulikuwa watu wawili tunacheza. Kwa kweli alikuwa anacheza mmoja, mikono minne. Mjomba alichagua kwa upande wake na akachagua kwa upande wangu pia. Mimi nilikuwa kama mtoto anayeshika usukani wa gari lililozimwa. Mtu akikufunga amekuhesabu kuwa upo. Akikuachia, ameamua peke yake kwamba huwezi kubeba ukweli, na hakukuuliza.

Na waliokaa pembeni je? Wao walijua. Furaha yangu ilikuwa mali yao kuliko yangu. Ndiyo maana nasema uongo huu una anayeumia, ila maumivu yake huja siku anapogundua, na wakati huo aliyemdanganya kwa mapenzi yuko mbali na hatia.

Watu wa Buganda wana omweso, ndugu wa damu wa bao, wenye mashimo 32 na kete 64 vilevile, na mchezo huo umechezwa mpaka ikulu ya kabaka. Mwalimu Nyerere naye alicheza bao, picha zake zinajulikana. Huwa nazitazama picha hizo nikajiuliza: aliyeketi mbele ya mkubwa alikula nyumba alipoiona? Sijui kwa nini, lakini napenda kuamini kwamba alikula. Kwa sababu kama mfalme haambiwi ukweli na kete za komwe, ataambiwa na nani?

Sasa utaniuliza, ya mjomba wako na ya bao yenyewe yanahusiana vipi? Yanahusiana sana, maana siku hizi tunaambiwa bao linafufuliwa.

Ni kweli lilidhoofika, na sababu zinajulikana. Mojawapo ni kwamba bao limetukanwa kwa muda mrefu kuwa ni mchezo wa wavivu. Mwaka 1983 ilikuja Sheria ya Nguvukazi, na mtu aliyekutwa mjini mchana bila kazi aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini. Baraza lenye bao katikati likawa ushahidi mtupu. Mwaka 2016 viongozi walipokemea vijana wanaocheza pool asubuhi, bao nalo likatajwa hapa na pale katika orodha hiyo hiyo. Sikatai kwamba kuna waliogeuza bao kuwa pa kujificha na jembe. Ila Sudi ninayoijua mimi, bao huchezwa jua likishashuka, watu wakiwa wametoka baharini au kwenye mikorosho, na mwenye kukaa hapo saa nne asubuhi huulizwa kama anaumwa. Halafu ikaja video, ikaja simu, na sisi vijana tukaondoka.

Sasa bao linarudi. Kuna mashindano Dar es Salaam na Zanzibar. Kuna programu za bao kwenye simu. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikaa na mabingwa wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu ya uwezo wa akili zao huko Leiden. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika michezo ya jamii hiyo hiyo ya mashimo na kete, ile ya Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki. Mahoteli ya pwani yanaweka mbao za bao sebuleni, zimechongwa zikang'arishwa kwa rangi ya viatu, na mtalii akikaa mbele ya kijana wa hoteli anashinda. Anashinda kila mara! Anapiga picha, anatoa bakshishi, anakwenda kulala akijua kwamba bao ni mchezo rahisi wa watu wakarimu.

Huo ni ufufuo au ni mazishi yenye ngoma? Mimi naona mbao zikiongezeka na bao likipungua. Bao halimo katika ubao. Ubao ni mti uliotobolewa. Bao limo katika yule anayeweza kukufunga, na linahama kutoka kwake kuja kwako kwa njia moja tu, nayo ni kukufunga mpaka uone alichokiona. Mambo mengine huandikwa yakabaki. Sudi yetu, kwa mfano, imo katika vitabu vya Vita Kuu ya Kwanza: Machi 1916 meli ya Kijerumani iitwayo Marie ilizikwepa manowari za Waingereza, ikaingia ghuba yetu na shehena ya silaha kwa jeshi la von Lettow-Vorbeck, na mizigo ile ikaondoka pwani juu ya vichwa vya wapagazi. Jina la meli limeandikwa. Majina ya waliobeba hayakupata kitabu. Ujuzi wa bao ni kama wapagazi wale: umebebwa na watu wasioandikwa, kichwa hadi kichwa. Mmoja akitua mzigo njiani kwa kukuonea huruma, mzigo haufiki.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wenzangu wa kiume hawatalipenda. Nililia kwamba mjomba aliniachia. Dada zangu watatu je? Wao hawakuachiwa wala hawakufungwa, kwa sababu hawakukaribishwa mkekani hata siku moja. Walipita na ndoo za maji, wakatupa jicho, wakaenda. Mmoja wao ni mwepesi wa hesabu kuliko mimi mara kumi. Kumwachia mtu ashinde na kumnyima nafasi ya kukaa ni tawi na shina la mti mmoja: kote kuwili umeamua kwamba hafai kushindana nawe. Tukisema tunafufua bao huku nusu ya kijiji inatazama kwa pembe ya jicho, tunafufua nusu ya maiti.

Lakini basi huruma iende wapi? Maana sisemi mtoto wa miaka saba afungwe mkononi mpaka aapie kutoshika kete tena. Wazee walishalifikiria hilo kabla yetu. Kuna bao la kujifunza. Kete zote 64 hupangwa ubaoni mwanzoni, mbilimbili kila shimo, hakuna kunamua, hakuna kuumiza kichwa na zile 22 za mkononi. Ni jepesi, na wote wawili wanajua ni jepesi. Hiyo ndiyo huruma ninayoitaka mimi. Imekaa wazi ndani ya sheria, haikujificha ndani ya nia. Mwanafunzi anajua leo yuko ngazi ya chini na anaiona ngazi ya juu ilipo. Hata programu ya simu humwuliza mchezaji anataka kiwango gani. Mjomba angeniambia, "Mwanangu, umekaa sana mjini, tuanze na la kujifunza," ningeona aibu kidogo na ningebaki mtu wake.

Vijana wenzangu, jambo hili halikai barazani tu. Mwalimu anayemgawia mwanafunzi alama asizostahili anamwachia bao. Na sisi tunaoandika katika kurasa hizi, ambao tunasomeana hadithi zetu kisha tunaambiana "safi sana, endelea hivyo hivyo", wakati tumeona kabisa nyumba ilivyoachwa wazi, tunafanya nini? Tunaagizana kahawa. Mimi nimefanya hivyo kwa rafiki yangu, nikamsifia hadithi niliyojua ni mbovu kwa sababu alikuwa na shida zake wakati huo. Aliituma shindanoni. Hajaniuliza mpaka leo kama niliipenda kweli, na mimi nimekuwa nikimkwepa.

Nimalizie ya Sudi. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitumia methali hii kumfukuza mgeni. Mimi asubuhi ya siku ya tatu niliielewa upya: jembe ndilo linalomtoa mtu ugenini. Nikavua viatu, nikamfuata mjomba uani, nikamwambia, "Mjomba, nipe jembe." Akanitazama miguuni, akacheka. Tukaenda kwenye mikorosho, tukapalilia mpaka jua likawa kali. Malengelenge matatu mkono wa kulia. Njiani tunarudi nikamwambia, "Juzi uliniachia."

Akatembea kidogo. Kisha akasema, "Nilidhani unaondoka kesho."

Hakuomba radhi, wala mimi sikutaka aombe. Jioni tukakaa. Wazee hawakunipisha, nilisukuma mtu nikapata nafasi. Mjomba alikula nyumba yangu mapema, kisha akala kila kilichosalia mbele, bila kusema neno, kama zamani. Nilifungwa nikiwa na kete tisa mkononi, na yule mtoto wa jirani akanibandua vidole akazihesabu moja moja kwa sauti, baraza zima likisikia.